Shemeji Donat na Mahari Iliyokuja Peke Yake

Hapa Goma kuna watu wanaosema kwamba ukoo wetu ulirudisha mahari ya binti yangu Micheline kwa sababu ilikuwa ndogo. Wengine wanasema mimi, mjane wa Kambere, niliila halafu nikamsingizia shemeji yangu. Yote mawili ni uongo. Nimefundisha historia miaka mingi na najua kutenganisha habari na porojo. Kwa hiyo naandika habari ya Donat, mdogo wa marehemu mume wangu, kama ilivyokuwa, ingawa kuna sehemu yake ambayo hadi leo siielewi.

Donat ni mnunuzi wa maharagwe. Asubuhi utamkuta kwenye soko la ziwani la Kituku, mashua zikishusha magunia kutoka Minova. Anaingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, anatoa punje za chini kabisa ambako wauzaji huficha mbovu, anatafuna moja na kuitema. Hapo ndipo bei inaanza. Shule aliiacha baba yao alipofariki kule Lubero. Mmoja alipaswa kuendelea na masomo na mwingine kutafuta ada. Kambere akabaki darasani, Donat akaenda barabarani. Yeye mwenyewe halisemi jambo hilo, wala hajawahi kulidai. Nalisema mimi ili lijulikane.

Barabara ilimfikisha Bunagana, akafanya biashara ya kuvuka mpaka kwa muda mrefu, na huko ndiko alikojifunza namna yake ya kutuma fedha. Alikuwa akimkabidhi mfanyabiashara anayemfahamu, mtu wa kwao, naye huyo alikuwa na ndugu Butembo ambaye angemlipa aliyetumiwa. Hakuna karatasi. Ila kulikuwa na utaratibu, na Donat hakuwahi kuuvunja: anayeleta fedha anaingia nyumbani, anakaa, anakunywa kitu, anasema ametumwa na nani na huko wanaendeleaje. Baada ya hapo ndipo anaingiza mkono mfukoni. Ukitoa fedha kabla ya salamu, Donat anakutazama kama mwizi aliyetubu.

"Makuta haina miguu," hupenda kusema, na makuta kwetu ni fedha. "Inatembea na mutu."

Sasa Florent, mchumba wa Micheline, anaishi Montréal. Wazazi wake wako Butembo, Wanande kama sisi. Barabara kati yetu na Butembo kila mtu anajua ilivyo siku hizi kwa vita, kwa hiyo mazungumzo ya mahari yalifanyika kwa simu, mbuzi wakahesabiwa kwa simu, na kila mbuzi akageuzwa dola kwa simu. Florent akasema atatuma zote kwa benki. Tarehe ya likizo yake ilikuwa imeshapangwa, tiketi imenunuliwa. Padri wetu alisema jambo moja tu: hatatangaza ndoa kanisani mpaka ndugu wa baba wa binti aje kumwambia kwamba mahari imepokewa. Ndugu wa baba ni Donat. Likizo ya Florent ikipita bila neno lake, hakuna harusi, na nani ajuaye mwaka mwingine utaleta nini.

Mimi nina akaunti Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, tangu benki za hapa Goma zilipofunga milango. Lakini mjane hapokei mahari ya binti yake. Nisingevumilia isemwe kwamba mama amemuuza mtoto na fedha zimeingia kwenye jina lake. Nikamwambia Donat tuvuke, tumfungulie akaunti yake.

Karani aliyetupokea kwenye dirisha alikuwa msichana mpole aitwaye Dative.

"Papa, jina la familia?"

"Kambale."

"Na huyu mama ni mjane wa kaka yako?"

"Wa yaya yangu, Kambere."

"Baba mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Sasa majina mawili juu ya nini?"

"Yeye alizaliwa wa kwanza, mimi nikafuata," Donat akasema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini Jumanne si Jumatatu.

Nikamweleza Dative kwamba kwetu wavulana hupewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Akaandika, ingawa uso wake haukuwa na uhakika.

"Unaishi wapi, papa?"

"Goma, Murara."

"Avenue gani?"

"Lava ilipita juu yake. Tulijenga juu ya lava."

"Nyumba namba ngapi?"

Donat akanigeukia. "Mama Micheline, huyu mutoto anataka kuja kututembelea?"

Tukafika kwenye swali la fedha zitakazoingia ni za nini. Donat akasema ni mali ya mtoto wetu. Dative akauliza kama ni ya mauzo. Donat akasimama, kofia mkononi, na ilibidi nimshike koti.

"Mahari, mademoiselle," nikasema. "Andika mahari."

"Papa, usikasirike," Dative akasema huku akicheka kidogo. "Hata sisi tunatoa inkwano. Ila kwetu ni ng'ombe."

"Kumbe munaelewa," Donat akasema, akaketi.

Nilimtumia Florent vitu vyote vinavyotakiwa ili fedha zivuke nchi: jina kamili la Donat kama lilivyo kwenye kitambulisho, bila kuongeza wala kupunguza; namba ya akaunti; jina la benki na tawi lake; na ule msimbo wa herufi unaoitambulisha benki duniani kote. Nilivikagua mara mbili, maana herufi moja ikikosewa fedha hukwama njiani. Kitu kimoja sikumwambia, kwa sababu sikudhani atakosea. Benki yake ilimuuliza nani atabeba gharama za njiani: mtumaji, mpokeaji, au wote wawili. Florent akachagua wote wawili. Baadaye alinieleza kwamba aliona ndiyo heshima, wakwe hushirikiana.

Akatuma picha ya risiti. Nikamwonyesha Donat kwenye simu yangu, mtaani Himbi, sebuleni kwangu.

"Hii njo makuta?"

"Hapana, shemeji. Hii inaonyesha tu kwamba zimeondoka."

"Zimeondoka na nani?"

"Na benki."

"Benki ni nani?"

Nikamweleza kwa utulivu. Benki ya Montréal na benki ya Gisenyi hazifahamiani. Kwa hiyo fedha za dola hupitia benki kubwa ya katikati, huko New York, ambayo zote mbili zinaifahamu. Hapo wanapunguza upande mmoja na kuongeza upande mwingine. Hakuna noti inayosafiri.

"New York tuko na nani?"

"Hatuna mtu."

"Basi leo zimelala kwa nani?"

Nilirudia maelezo tena na tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona giza mimi mwenyewe. Kama hakuna noti iliyosafiri, ni nini kilichoondoka Montréal? Na kama kuna kilichoondoka, kwa nini risiti inasema siku za kazi kadhaa, wakati sauti ya Florent inafika papo hapo? Nikasema tu kwamba ndivyo ilivyo, Donat akaniangalia kwa huruma.

Ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu yake, alivaa koti lake la misa ya Pasaka. Akachukua pia kidumu kidogo cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Askari wa mpakani alifungua kifuniko, akanusa, akaturuhusu kupita. Nilidhani Donat ana mtu wa kumtembelea Gisenyi baadaye, sikuuliza.

Dative akamsalimu, akatazama kompyuta yake. "Imeingia, papa. Utatoa zote?"

"Kwanza nimusalimie mwenye kuleta."

"Nani?"

"Aliyeleta. Nimemubebea kinywaji."

Dative akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha.

"Papa, hakuna mutu. Imeingia yenyewe."

"Kwa mulango gani?"

Watu kwenye foleni nyuma yetu wakaanza kucheka, na mmoja akasema kama muzee hataki hiyo pesa, yeye yuko tayari kuisalimu. Niliona haya. Lakini Donat hakucheka wala kukasirika. Aliuliza ni kiasi gani. Dative akageuza kompyuta ili tuone. Kiasi kilikuwa pungufu ya kile tulichokubaliana na Butembo.

"Zilikatwa gharama, papa. Benki ya katikati."

Donat akanigeukia. "Nilikuambia ililala kwa mutu." Kisha akamwambia Dative, "Mbuzi moja imefika na miguu tatu."

Akakataa kutoa hata noti moja. Tuliporudi kwa miguu hadi mpakani nilijaribu kila neno nililokuwa nalo, la Kifaransa na la Kiswahili. Nilimwambia fedha ziko kwa jina lake, sheria inamlinda, hakuna anayeweza kuzigusa.

"Mama Micheline," akasema, "mali ya mutoto inaletwa, mutu anaipokea. Hii tumeiokota. Kesho mutu akiniuliza nani alikuja kwetu kumutaka huyu binti, nimujibu nini? Simu ililia?"

"Lakini padri anasubiri neno lako!"

"Nitamudanganya padri?"

Jioni ile Micheline alimkabili kwenye mlango. "Papa mdogo, wewe unataka nizeeke humu ndani?"

"Ukizeeka humu, utakuwa muzee mwenye heshima," Donat akamjibu. Binti yangu akabamiza mlango. Katika nyumba yetu milango haibamizwi, na nilimsikia jirani akizima redio yake ili asikilize vizuri.

Habari zikatembea haraka kuliko fedha. Florent akapiga simu akihangaika, akiuliza kama tunataka kuongezewa. Nikasema hapana. Akauliza kama zimefika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama zimepokewa. Nikasema hapana. Akaniomba nirudie, naye ni kijana aliyesoma hesabu.

Kisha baba yake, Muzee Kasereka, akampigia Donat kutoka Butembo. Donat aliweka simu juu ya meza ili sote tusikie.

"Munakataa mbuzi zangu?"

"Mbuzi zako sijaziona, muzee. Nimeona namba."

"Mutoto wangu ametuma! Kama hamutaki, semeni, tutafute kwingine. Wasichana hawajaisha Goma."

Maneno kama hayo yakishatoka kinywani mwa mzee wa upande wa pili, ni vigumu kuyarudisha. Donat akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Muzee, mutoto wako njo anaoa. Tangu lini muoaji anajiletea mali mwenyewe, na baba yuko muzima? Ilipita kwako? Uliishika?"

Kwenye simu tukasikia kuku wa Butembo.

"Haikupita kwangu," Muzee Kasereka akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Aliniambia tu ametuma."

"Basi hata wewe haujamuozesha mutoto wako bado."

"Hapo umesema," mzee akajibu, na nikagundua kwamba na yeye jambo hilo lilikuwa limemuuma siku zote hizo, ila hakujua pa kulipeleka.

Hapo nilitoa wazo ambalo hadi leo naliona zuri. Katungu, mama muuza vikwembe, yaani vitenge, wa mtaa wa Birere, ni wa ukoo wa Muzee Kasereka. Nikasema Donat atoe fedha Gisenyi, ampe Katungu nje ya geti, na Katungu aingie nazo kama mjumbe wa wakwe. Donat aliniuliza taratibu kama nilikuwa sawa.

"Nijiletee mahari mwenyewe, halafu nijishukuru?"

Tukarudi kwa Dative. Donat alitaka fedha ziende kwenye akaunti ya Muzee Kasereka, kwenye benki yake Butembo.

"Unarudisha, papa?"

"Sirudishi. Ilikosea njia, naielekeza."

Dative alieleza kwamba kutoka Gisenyi kwenda Butembo, kwa dola, uhamisho ungepitia tena New York. Nilidhani anatania. Gari lililokuwa linaondoka Goma asubuhi, zamani zile za amani, lililala Butembo. Na sasa mbuzi wetu walikuwa wanavuka bahari mara mbili ili wafike kwa jirani.

"Huyu mutu wa New York," Donat akasema, "atanenepa."

Safari hii niliingilia kati mwenyewe. Nikasema gharama zote zibebwe na mtumaji, ili kiasi kifike bila kupungua tena, na Donat akalipa gharama hizo kwa fedha za maharagwe yake, akizitoa mfukoni moja moja. Likabaki swali la sababu ya kutuma. Donat akasema iandikwe: imekosea njia. Dative akasema kompyuta haina neno hilo. Nikapendekeza msaada wa familia. Donat akakataa, sisi hatumsaidii Muzee Kasereka, asije akasoma hivyo akachukia. Mwishowe Dative akaandika kwamba ni mambo ya familia, akapiga muhuri, akamtakia Donat siku njema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Hiyo ndiyo mahari "iliyorudishwa" ambayo Himbi nzima iliizungumzia kwenye milango ya kanisa. Waliosema wajue sasa.

Tulisubiri. Muzee Kasereka alikwenda benki kila alipopata nafasi na kila jioni alituarifu kwamba hakuna kitu. Likizo ya Florent ikawa inakaribia. Micheline alikuwa anakula chumbani kwake. Mimi nilikuwa naamka nikijiuliza kama nimelea binti kwa heshima yote hii ili heshima yenyewe imzuie kuolewa. Donat peke yake alikwenda Kituku kama kawaida na kutafuna maharagwe. Siku moja mzee akapiga simu: zimefika, na ule mguu wa mbuzi uliokatwa ameuongeza mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilisikia vigelegele kwenye geti. Alikuwa Katungu, na wanawake wawili wa Birere, wamevaa vikwembe vya aina moja. Kichwani Katungu alibeba kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Donat alikuwa amekaa sebuleni na koti lake. Hakusimama mpaka walipogonga, na walipogonga aliuliza ni nani, ingawa dirisha lilikuwa wazi na tulikuwa tunatazamana nao.

"Ni watu wa Kasereka wa Butembo," Katungu akasema.

"Mumepotea?"

"Hatujapotea, papa. Tumeona maua mazuri katika hii boma."

"Hapa ni mawe ya lava tu, mama. Maua munayaona wapi?"

"Tupe maji kwanza, tutakuonyesha."

Wakakaa. Wakanywa. Wakatoa salamu za watu wengi sana, wengine wao sikuwa najua kama bado wako hai. Baada ya hapo Katungu akashusha kikapu, akapiga goti, akatoa fedha, na Donat akazihesabu kwa sauti, mbuzi mmoja mmoja, akitaja kila mbuzi ni wa nani: wa mjomba, wa shangazi, wa bibi. Zilikuwa kamili. Akasema neno ambalo nililisubiri: "Tumepokea." Micheline, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia, akaanza kulia, na wanawake wa Birere wakaruka wakimzunguka.

Jikoni, tukipakua wali, nilimuuliza Katungu fedha zilipitia wapi kutoka Butembo, kwa barabara ile.

"Hazikupita popote, Mama Micheline. Ziko kule kule. Muzee atamupa yaya yangu pale Butembo, atanunua kahawa nazo."

"Na hizi ulizoleta?"

"Hizi? Ni za vikwembe vyangu. Juzi niliuza vizuri."

Niliweka kijiko chini. Nikamwita Donat kando, karibu na tangi la maji.

"Shemeji, hizo ni fedha za Katungu."

"Najua."

"Za Florent ziko Butembo. Hazijafika."

"Najua."

"Kule Gisenyi zilikuwepo, ukazikataa. Hapa hazipo, umezikubali. Umepokea nini?"

"Wageni," Donat akasema, akarudi sebuleni kwa wageni wake.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Yaya wa Katungu ameongezewa kule, Katungu amepungukiwa hapa, na hakuna noti iliyosafiri. Ni kazi ile ile niliyomweleza Donat kwamba benki hufanya New York, akanihurumia. Nikitaka kusema yeye ndiye aliyekosea, namkumbuka Katungu akipiga goti. Nikitaka kusema benki ndiyo iliyokosea, nakumbuka kwamba Dative alikuwa msichana mwenye adabu na fedha zilikuwepo.

Jumapili Donat alikwenda mwenyewe kwa padri baada ya misa, akasema neno lake, na majina ya Micheline na Florent yakaandikwa ili yatangazwe. Jioni Florent akanipigia kutoka Montréal. Alikuwa na furaha, lakini kuna jambo lilikuwa linamsumbua.

"Mama," akasema, "basi zile nilizotuma mimi, zilifika ama hazikufika?"

Nikamwambia zilifika. Kisha nikasema mtandao ni mbaya, nikakata simu kabla hajaniuliza wapi.